Kabla ya Kuagiza Nusu Kilo, Uliza Nguruwe Alikula Nini

Jioni ya Ijumaa jijini Mwanza, kuanzia Igoma hadi Buhongwa, Kirumba hadi Nyegezi, makarai ya kitimoto yanashika moto kabla jua halijazama ziwani. Mteja anafika, anaitazama nyama iliyoning'inizwa nyuma ya kioo, anauliza bei ya kilo, anaagiza nusu, anachagua rosti au kavu, kisha anakwenda kukaa kusubiri ndizi zake. Maswali yake yote ni mawili: bei gani, na itachukua muda gani. Swali la tatu, lenye uzito kuliko hayo mawili, wala halimjii: huyu nguruwe aliishi wapi, na alilishwa nini?

Nalitanguliza hilo kwa sababu ubishi wa kitimoto mjini kwetu umekwama mahali pamoja kwa miaka. Huyu anasema nyama hii ina minyoo, inaleta kifafa, inaziba mishipa. Yule anajibu kwamba hakuna nyama tamu kama hiyo na kwamba inaongeza damu. Wote wawili wanaizungumzia nyama kana kwamba inazaliwa buchani. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, na vijidudu waliomo humo huyabadilisha sana mafuta ya malisho kabla hayajafika kwenye nyama. Nguruwe ana tumbo moja kama letu. Mafuta aliyokula wiki hizi ndiyo utakayoyakuta kwenye mbavu zake, na harufu ya chakula chake huja nayo mezani. Basi thamani ya nusu kilo yako iliamuliwa bandani miezi kadhaa nyuma. Mpishi anaweza kuipunguza, lakini kuizidisha hawezi.

Tuanze na sifa zake za haki. Gramu 100 za steki ya nguruwe iliyoiva, kipande kinachokaa vizuri kiganjani, zina protini ya gramu 26 hivi, karibu sawa na ng'ombe au kuku. Inayoipambanua nyama hii na nyingine ni vitamini B1, ambayo mwili huihitaji ili kugeuza wanga kuwa nguvu na kuiweka sawa mishipa ya fahamu. Mtu mzima anahitaji miligramu 1.1 hadi 1.2 kwa siku. Kipande hicho kimoja kinampa nusu ya mahitaji au zaidi, wakati kipande kama hicho cha ng'ombe hakifikishi hata sehemu moja ya kumi.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa hilo si jambo dogo, maana sahani zetu zimejaa wanga: ugali wa sembe, wali mweupe wa Magu na Misungwi, ugali wa udaga wa muhogo kule Ukerewe na Sengerema. Muhogo hauna B1 ya kutamba nayo. Mahindi na mpunga vinayo, lakini imekaa kwenye ganda na kiini, na mashine ya kukoboa huiondoa sehemu kubwa ikaangukia kwenye pumba. Pumba hizo hupakiwa kwenye viroba na kuuzwa kwa wafugaji wa nguruwe. Nguruwe anazila, anaihifadhi ile vitamini kwenye misuli yake, nasi tunakwenda kuinunua kwenye karai kwa bei ya nyama. Anayekula dona na maharage ameshaipata bila kupitia kwa nguruwe yeyote, na kwa pesa ndogo zaidi. Sisemi hivyo kuidharau kitimoto. Nasema tu kwamba asiyeila, kwa dini yake au kwa hiari yake, hajapungukiwa na kitu ambacho jiko lake haliwezi kumpa.

Kuhusu kuongeza damu, hapo sifa imezidi ukweli. Steki ya nguruwe ina madini ya chuma kama miligramu moja tu kwa gramu 100, na ya ng'ombe ina mara mbili na zaidi. Anayetafuta chuma kwa nguruwe aende kwenye ini, ambalo likiwa bichi lina zaidi ya miligramu 20 kwa gramu 100. Ini hilo liive hadi ndani, na mama mjamzito asilifanye chakula cha mara kwa mara, kwa kuwa vitamini A iliyomo ni nyingi kiasi cha kuweza kumdhuru mtoto tumboni. Zinki, seleniamu na B12 zimo kwenye nyama ya kawaida kwa kiasi cha kuridhisha. Kalsiamu ni kidogo mno. Hiyo kaitafute sokoni Mwaloni, kwa dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Kwa afya ya meno na mifupa ya watoto, fungu la dagaa linaishinda nusu kilo ya kitimoto bila mashindano.

Kisha kuna mafuta. Steki mbichi iliyosafishwa ina mafuta kama gramu 6 kwa kila gramu 100. Nyama ya tumbo ina zaidi ya 50, na nguvu yake inazidi kalori 500. Kwa hiyo mtu anayeniambia amekula robo ya kitimoto hajaniambia kitu mpaka aseme imekatwa wapi. Mafuta yenyewe si mabaya kama yanavyosemwa. Karibu asilimia 45 ni ya aina ile inayosifiwa kwenye mafuta ya zeituni, na asilimia 39 hivi ndiyo yale mazito yanayopandisha lehemu. Mafuta ya ng'ombe na mawese hukaribia 50. Tatizo ni wingi. Na wingi huo, pamoja na ulaini au ugumu wa mafuta hayo, unatokana na chakula cha bandani.

Hapa Mwanza nguruwe anakula vitu ambavyo nguruwe wa Mbeya au wa Mbulu havioni. Anakula dagaa, na mapanki yanayobaki viwandani baada ya minofu ya sangara kuondolewa. Anakula machicha ya viwanda vya bia na ya pombe za kienyeji, pumba za mpunga, na mashudu ya pamba, kwa kuwa Usukuma ndiko pamba ilikofanya makao nchini na Ukiriguru ndiko inakofanyiwa utafiti. Anakula pia makombo ya hoteli. Kila kimoja kati ya hivyo kina faida na kina mtego, na mfugaji anayeijua mitego hiyo huonekana kwenye nyama yake.

Dagaa ni protini ya hali ya juu, zaidi ya nusu ya uzito wao wakiwa wakavu, na nguruwe wadogo hukua nao haraka ajabu. Lakini mfugaji akiendelea kuwalisha dagaa au mapanki hadi siku ya kuchinja, nyama inatoka na harufu ya samaki ambayo hakuna tangawizi wala limao litakaloiondoa. Mafuta ya samaki yamehamia kwenye mafuta ya nguruwe, basi. Dawa yake ni kuacha chakula cha samaki wiki 3 au 4 kabla ya kuchinja na kumaliza na mahindi, pumba na mashudu ya alizeti. Ukiona kipande kinanuka mwalo, usimlaumu mpishi. Harufu nyingine, kali kama mkojo, inayopanda nyama inapoanza kupata moto, ni ya dume ambalo halikuhasiwa mapema. Hiyo nayo haina dawa jikoni.

Mfugaji anayenunua dagaa wa mifugo achunguze mchanga. Dagaa wanaoanikwa chini ufukweni hufika sokoni na mchanga wao, na nguruwe hanenepi kwa mchanga. Mwaga gao moja la dagaa kwenye ndoo ya maji, koroga, uone kilichotua chini.

Mashudu ya pamba ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ni rahisi kupatikana na jirani mwenye ng'ombe atakwambia ng'ombe wake wananawiri kwayo. Ni kweli wananawiri. Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli, na tumbo la ng'ombe mkubwa huifunga sehemu kubwa isimdhuru. Tumbo la nguruwe haliwezi. Sumu inajikusanya wiki baada ya wiki, moyo unachoka, mnyama anaanza kuhema kwa shida, na siku moja anakutwa amekufa huku mwenyewe akiapa kwamba jana alikula vizuri. Mashudu ya alizeti yapo sokoni. Nunua hayo, au soya. Mwenye kulazimika kutumia ya pamba afanye hivyo kwa kiasi kidogo sana na kwa maelekezo ya mtaalamu wa mifugo, ambaye anaweza kumshauri kuongeza salfeti ya chuma inayoifunga sumu hiyo.

Machicha yanajaza tumbo kuliko yanavyolisha, na huchacha ndani ya siku mbili tatu. Yakishaota ukungu ni ya kumwaga. Magugu maji, ambayo yameusumbua ufukwe wetu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, nguruwe huyala, ila karibu yote ni maji na yanafyonza metali nzito kutoka ghubani. Anayevuna magugu karibu na mahali maji machafu ya mji yanapoingilia, atumie kutengeneza mboji. Makombo ya hoteli nitayarudia, maana hayo yana hatari ya namna nyingine.

Sasa kifafa. Watu wengi, na hata wahudumu wa afya wengine, husimulia habari hii nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayookoa. Tegu wa nguruwe anaishi maisha mawili. Mtu akila nyama ambayo haikuiva yenye malengelenge ya lava, kila lengelenge ni nukta nyeupe yenye maji ndani, ukubwa wa punje ya mahindi au pungufu, lava humea tumboni mwake na kuwa mnyoo mmoja mrefu wa mita kadhaa. Mnyoo huo humsumbua kidogo tu, pengine asitambue kabisa. Lakini kila siku anatoa mayai kwa maelfu kupitia choo chake. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai yanageuka malengelenge kwenye misuli yake. Na binadamu yeyote akiyameza mayai hayo kwa mikono michafu, maji au mboga mbichi, malengelenge yanaota ndani ya mwili wake mwenyewe, na yakiota kwenye ubongo ndipo kifafa kinapoanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ambako tegu huyu ameenea, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa njia hii.

Soma tena sentensi iliyotangulia hiyo ya takwimu. Kifafa hakitoki kwenye nyama moja kwa moja. Kinatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Muislamu ambaye hajawahi kuonja kitimoto anaweza kukipata kwa kachumbari ya nyanya zilizomwagiliwa maji ya bondeni. Mwenye tegu aliye mpishi, asiyenawa mikono kwa sabuni atokapo chooni, ni hatari kwa wateja wake hata kama nyama yake imeiva mpaka imekauka. Kwa hiyo unapokagua kibanda cha kitimoto, anza na choo na ndoo ya maji tiririka, ndipo uje kwenye karai. Na kwa sisi tunaoishi kwenye vilima vya mawe, Mabatini, Igogo na kwingineko, ambako kuchimba choo ni kupigana na mwamba, nguruwe wa kuzurura hawana nafasi hata kidogo. Nguruwe bandani na choo chenye mlango vinaukata mzunguko huu vizuri kuliko dawa yoyote.

Anayeona vipande bapa vyeupe kwenye choo chake aende kituo cha afya apimwe. Dawa zipo na ni za kawaida. Mojawapo ni prazikwanteli, ambayo watoto wetu wa shule wanaifahamu kwa sababu ndiyo hutolewa dhidi ya kichocho. Asijinunulie dukani kimyakimya, hasa kama amewahi kuanguka kifafa au ana maumivu ya kichwa yasiyoisha, kwa kuwa dawa hiyo ikiyafikia malengelenge yaliyo ubongoni inaweza kuamsha degedege kali. Mtu mzima anayeanza kuanguka ghafla bila historia ya kifafa apelekwe hospitali, ya wilaya kwanza na Bugando ikibidi, apigwe picha ya kichwa. Miezi inayopotea kwa mganga kutafuta aliyemloga ni miezi ambayo ubongo unaendelea kuumia.

Malengelenge ya nguruwe huonekana mara nyingi kwenye ulimi, moyo, bega na paja. Mkaguzi wa nyama hukata sehemu hizo makusudi. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, ndiyo iliyoianzisha Bodi ya Nyama Tanzania, inataka nyama inayouzwa iwe imekaguliwa, na muhuri kwenye ngozi ndio ushahidi wako. Nguruwe aliyechinjwa usiku nyuma ya baa hana muhuri huo. Lakini mwenye malengelenge machache anaweza kumpita hata mkaguzi makini, ndiyo maana moto wa jikoni haukwepeki. Usitegemee friza pia; kwa umeme unaokatika, nyama huganda nje na kulainika ndani, na hujui ni saa ngapi ilikaa katika hali ipi.

Hatari ya pili haimgusi mlaji, inamgusa mfugaji, na ni kubwa. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921 na haijawahi kuondoka ukanda huu. Haiambukizi binadamu. Kwa nguruwe ni msiba: homa kali, masikio na tumbo kuwa mekundu au ya rangi ya zambarau, wanyama kulaliana kwenye kona moja, na banda zima kuisha ndani ya siku chache. Tiba haipo. Vietnam iliidhinisha chanjo mwaka 2023, lakini mfugaji wa Misungwi au Magu hana chanjo ya kukimbilia. Kinga yake ni kuzuia tu. Virusi hukaa kwa ngiri na kwa kupe laini wa kwenye mashimo yao bila kuwadhuru, na Hifadhi ya Serengeti inashuka mpaka karibu na Ghuba ya Speke, kwa hiyo upande wa Busega na Bunda tahadhari iwe mara mbili. Ila mijini ugonjwa haubebwi na ngiri. Unabebwa na sisi, kwa viatu, kwa pikipiki za wachuuzi wa nguruwe, na kwa makombo.

Haya ndiyo makombo niliyosema nitayarudia. Virusi hivi vinaishi kwenye nyama mbichi, iliyogandishwa au iliyokaushwa kwa chumvi kwa muda mrefu. Mfupa wenye nyama isiyoiva ukiingia kwenye ndoo ya makombo, na ndoo ikamwagwa bandani, imetosha. Mfugaji anayetumia makombo ayachemshe yatokote kwa nusu saa kila mara, bila kujali kuni zimepanda bei, akishindwa, ayaache. Mwenye kibanda azike ngozi, maji ya kuoshea na mabaki. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe mwaka 2025, nguruwe wa Sengerema na Geita wanavuka kuja Mwanza kwa dakika chache badala ya kusubiri kivuko. Ni neema kwa biashara. Ni neema kwa virusi pia, kwa hiyo nguruwe mgeni atengwe wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Mlaji ana dalili moja ya kuangalia: bei ikishuka ghafla mtaa mzima, kuna uwezekano wafugaji wanachinja haraka wagonjwa wao. Nyama hiyo haitakupa homa ya nguruwe. Huenda, hata hivyo, imejaa viuavijasumu vya jana, kwa sababu mtu anayeona nguruwe wake wanakufa huchoma sindano yoyote iliyo karibu. Na si sindano tu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili, ilikiri mbele ya kamati ya bunge kwamba ilikuwa inafahamu kwa miaka kadhaa kuwa baadhi ya wafugaji wanawalisha nguruwe na kuku dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa hizo haziponyi homa ya nguruwe. Zinamnyima mgonjwa dozi yake, na mabaki yake yanaishia kwenye sahani ya mtu asiyejua. Kwa dawa halali kila chupa imeandikwa idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Mfugaji mwenye daftari la tarehe hizo ndiye wa kununua kwake, hata akizidi bei kidogo.

Kwa hiyo tafuta muuzaji mmoja, umzoee. Mwulize bila kumhoji kama polisi: “Kaka, huyu mmemtoa kwa nani?” Muuzaji mzuri atakutajia kijiji na mfugaji, tena kwa kujisifu. Anayejibu “wanaletwa tu” amekujibu. Chagua nyama ya rangi ya waridi iliyokolea, inayorudi ukiibonyeza, yenye mafuta meupe magumu. Mafuta ya njano yenye ulaini wa kuteleza yanakwambia kuhusu samaki na makombo. Omba steki ya paja au mgongo, na kama unapenda mafuta kidogo omba mbavu. Tumbo uliache kwa siku maalumu.

Jikoni, jambo la kwanza ni ubao. Kisu kilichokata nyama mbichi kikaingia moja kwa moja kwenye kachumbari ni kosa ninaloliona kila mahali, hata kwenye sehemu zenye viti vya kifahari. Kata kachumbari kwanza, funika, ndipo nyama ifuate. Vipande viwe vidogo, visivyozidi vidole viwili, ili moto ufike katikati. Chemsha kwa maji kidogo, chumvi, limao, tangawizi na vitunguu saumu mpaka ndani pasiwe na wekundu na majimaji yatoke meupe. Mwenye kipimajoto aisubiri ifike nyuzi 71. Baada ya hapo usiongeze mafuta. Nyama itatoa yake, na hayo uyamimine pembeni kabla hujaweka nyanya, hoho na karoti.

Ukinitaka ushauri kati ya rosti na kavu, nitakwambia rosti, na si kwa ladha tu. B1 huyeyuka kwenye maji, na moto mkali huiharibu. Kwenye kavu sehemu yake hupotea na maji yaliyomwagwa na nyingine huungua. Kwenye rosti inayopikwa kwa maji yale yale ya kuchemshia, inabaki mchuzini, na ugali wako unaichota. Usitie magadi, yanaiua. Kamulia limao mezani, linausaidia mwili kunyonya chuma cha mboga ulizokula nayo, na chai ya rangi isubiri saa moja. Mafuta ya karai ambayo yamekuwa meusi tangu asubuhi hayana mjadala, ondoka hapo.

Kiasi nacho. Nguruwe huhesabiwa kuwa nyama nyekundu, haidhuru inavyoonekana nyeupe ikiiva. Mwezi Oktoba 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka soseji, bekoni na nyama zote zilizosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi linalofuata, la vinavyoelekea kuileta. Gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Wataalamu wa saratani wanashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikiwa imeshapikwa. Nusu kilo mbichi ya kibandani inapoteza robo ya uzito au zaidi motoni, kwa hiyo anayeimaliza peke yake Ijumaa amekula karibu hesabu ya wiki nzima kwa kikao kimoja, na bado hajafika Jumapili. Iagizeni watu wawili au watatu, na mchicha uwe mwingi. Wenye shinikizo la damu wamwambie mpishi apunguze chumvi na viungo vya pakiti kabla hajaanza, si baada. Wenye gauti wajue kwamba ini na bia kwa pamoja ndiyo njia fupi ya kurudi kuchechemea.

Kwa anayetaka kuanza kufuga, maneno machache, maana hilo ni somo la siku nyingine. Jike hubeba mimba siku 114, miezi mitatu na wiki tatu na siku tatu, na akitunzwa huzaa mara mbili kwa mwaka, vitoto 8 hadi 12 kila mara. Wa mbegu bora anafikia kilo 80 hadi 100 kwa miezi 6 hadi 8. Hutoa jasho kidogo mno, ndiyo maana hutafuta tope. Mpe kivuli cha mwembe na maji ya kutosha, jike anayenyonyesha hunywa zaidi ya lita 20 kwa siku, nawe utashangaa anavyochagua kona moja ya kujisaidia na kuacha nyingine kavu kwa kulala. Vitoto vinavyozaliwa kwenye sakafu ya saruji vichomwe sindano ya chuma siku ya tatu, kwa sababu maziwa ya mama yao hayana chuma cha kutosha na hakuna udongo wa kuchokonoa. Samadi iende bustanini baada ya kuoza vizuri, isisukumwe mtaroni mpaka ziwani. Na kabla ya tofali la kwanza, nenda kwa afisa mifugo wa kata uulize sheria ndogo za eneo lako na umbali unaotakiwa kutoka kwa majirani.

Majirani wenyewe usiwasahau. Mwanza ina Waislamu wengi na Wasabato wengi, na nyumba moja ya kupanga inaweza kuwa na wote pamoja na mla kitimoto mmoja. Weka sufuria, kisu na ubao wako wa nguruwe kando na vyombo vya pamoja, mafuta yake usiyamwage kwenye sinki mnalotumia wote, na kwenye sherehe meza ya kitimoto ikae mbali, na mpishi wake mbali, na ijulikane kuwa ipo. Mgeni aambiwe kabla hajanawa mikono.